Mama Mdogo kwa Kiswidi

Isevya, Tabora
11 Machi 2023

Mdogo wangu Nasri,

Salamu za nyumba nzima zikufikie huko kwenye baridi. Sisi tupo. Mvua ilichelewa, halafu ikaja kwa fujo, ukuta wa uani ukalala chini. Mume wangu Shaban yuko Kigwa kwenye mizinga yake ya nyuki, atarudi mwisho wa wiki. Mama yako mkubwa anakwenda kliniki yake Kitete kila mwezi. Presha imetulia, sukari bado inamsumbua, na jicho la kushoto sasa linaona vivuli tu.

Nakuandikia kwa sababu simu ya siri humu ndani hakuna. Ikiita tu, Mama anataka niweke sauti kubwa, ujumbe ukiingia anataka asomewe, na swali lake ni lile lile: Najiat anakuja lini? Tangu dada yetu Hafsa afariki huko, mwaka wa tatu huu, hajaacha kuuliza. Anasema mjukuu wake hawezi kukulia kwa watu ambao hata hatuwajui majina, wakati mimi, mama yake mdogo, niko hai na nina nyumba.

Jana nimeitwa posta. Ni bahasha kutoka ile ofisi ya watoto ya huko, imeletwa kwa jina langu. Kurasa nne, zote Kiswidi. Nimeikunja nikaiweka kwenye droo ya cherehani, Mama hajaiona. Nimeipitia neno kwa neno kama mtu anayetafuta sindano. Jina langu nimeliona, la Najiat nimeliona, la marehemu pia. Na kuna neno moja limekuja mara nyingi karibu na jina langu: moster. Nimelihesabu mara saba. Moster ni nini, Nasri? Ni jambo zuri au baya?

Jibu upesi.

Dada yako,
Mwanajuma

* * *

Uswidi
16 Aprili 2023

Dada Mwanajuma, shikamoo.

Barua yako imenifikia juzi. Pole kwa ukuta. Mimi mzima, kazi ni ile ile ya usafi shuleni, natoka saa kumi jioni na jua bado lipo, siyo kama miezi ile ya giza. Mwambie Mama Mkubwa namwombea.

Umeuliza moster. Nilitaka nikujibu sawasawa, kwa hiyo nimekwenda maktaba ya mji, na mama mmoja wa pale akanifunulia kamusi nene inayoeleza kila neno lilikotoka.

Moster ni mama mdogo. Ni mama mkubwa pia, maana wao hawajali nani alitangulia kuzaliwa. Ni dada wa mama, basi. Zamani waliliandika kwa kirefu, maneno mawili yakisimama pamoja: la kwanza mama, la pili dada. Watu wakalitamka na kulitamka mpaka katikati pakaliwa, likabaki hilo. Dada wa baba wanamwita faster, yaani shangazi, nalo limeliwa vivyo hivyo. Kwa hiyo usidhani hawatofautishi upande wa baba na wa mama. Wanatofautisha kama sisi.

Majina yao yana makundi mawili, kama sisi tulivyo na ngeli nyingi. Kundi moja linakwenda na en, jingine na ett. Moster ni en moster. Ukitaka kusema yule moster mnayemjua, hutangulizi neno, unaongeza mkia: mostern. Wakiwa wengi ni mostrar, ile e inadondoka. Sisi tunasema mama yangu, wao yangu inatangulia: min moster. Kilichonishangaza ni mtoto. Mtoto yuko kwenye kundi la ett, pamoja na meza na nyumba. Na akiwa mmoja au wakiwa mia, neno halibadiliki.

Ni neno la kila siku, dada, halina ubaya wowote. Tangu nilijue, nawasikia watoto shuleni wanalisema wakati wote: moster kaninunulia viatu, moster anakuja kunichukua.

Wasalimie wote. Mwambie Shaban nina hamu ya asali.

Mdogo wako,
Nasri

* * *

Isevya, Tabora
27 Mei 2023

Nasri,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki tano. Tumevuna mahindi kidogo, karanga zimekataa. Binti wa jirani Lugembe ameolewa Nzega, nimemshonea gauni mimi. Mama hajambo kwa namna yake.

Nimesoma maelezo yako mara tatu. Ulivyokuwa shuleni ndivyo ulivyo: ukiulizwa jambo usilolitaka, unaeleza jingine vizuri kabisa. Umenieleza neno likiwa moja, likiwa mengi, likiwa na mkia. Hukuniambia karatasi inasema nini.

Nilikutumia picha za kurasa zote nne kwenye simu siku ile ile niliyoandika. Najua umeziona, alama zilibadilika rangi. Kama neno lenyewe ni mama mdogo, mimi ndiye mama mdogo, na ndivyo nilivyoandika kwenye maombi yetu mwaka jana, mbele ya wakili, kwa Kiswahili, ukayatafsiri wewe. Sasa kwa nini wanirudishie cheo changu mara saba?

Naomba jibu la ndiyo au hapana. Najiat anakuja au haji?

Mwanajuma

* * *

Isevya, Tabora
5 Agosti 2023

Nasri,

Sijapata jibu lako, na sasa nimeacha kulisubiri.

Kwanza habari za nyumbani, nisije nikaonekana sina adabu. Mama alilazwa siku nne Kitete, ametoka, anakula uji. Mjomba Abasi amefariki, tumemzika Jumanne.

Sasa mimi. Wiki iliyopita nilipanda basi kwenda Nzega. Lugembe aliniambia kuna mama mtu mzima pale, Getruda, muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi ujanani na wamisionari wa Kiswidi akajifunza lugha yao. Nimemkuta anachambua dengu barazani. Akaniuliza, "Umetoka Tabora kwa ajili ya karatasi tu?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akavaa miwani, akasoma kurasa zote nne bila kunitazama, akarudia ya pili. Halafu akasema, "Mwanangu, maombi haya uliandika wewe kwamba umemzaa huyu mtoto?"

Nikasema sikuandika hivyo. Nimeandika mimi ni mama yake mdogo.

Akaniwekea kidole. Hapa wanasema mwombaji alijitambulisha kuwa mama wa mtoto. Hapa wanasema mtoto kazaliwa hospitali ya kwao, mama yake anajulikana na amekufa. Hapa wanasema mwombaji ni moster, si mama. Na hapa, Nasri, wanasema walituma barua ya kuomba ufafanuzi, tarehe mosi Juni mwaka jana, kwa mwakilishi wa familia, wakatoa wiki tatu. Hawakujibiwa. Kwa hiyo wameona maelezo yetu hayaaminiki, wamekataa.

Nikamuuliza mwakilishi ni nani. Akanisomea jina lako.

Nilimshukuru, nikaondoka. Kwenye basi nilikuwa nafikiria bibi mzaa bibi yetu. Unajua habari zake, zimesimuliwa kwetu sote. Aliachwa Kwihara na msafara wa watumwa uliokuwa unakwenda pwani, mtoto mdogo ana homa, hajui jina la kwao. Mwanamke aliyemwokota hakuwa ndugu yake wala hakujua lugha yake. Bibi yetu alimwita mama mpaka akamzika. Sisi wote, wewe ukiwamo, tumetoka kwenye mkono wa yule mwanamke, na hakuna aliyemuuliza neno lake ni lipi.

Sikulaumu bado. Nataka nisikie kutoka kwako.

Mwanajuma

* * *

Uswidi
10 Septemba 2023

Dada, shikamoo.

Poleni kwa msiba wa Mjomba Abasi. Nilimpenda. Sikuwa na habari.

Bi Getruda amesoma sawa. Nitakueleza, na sitaongeza cha kunipendezesha.

Ulipoleta maombi yako nilikuwa na miaka saba hapa, na Kiswidi changu kilikuwa cha dukani na cha kazini. Wenzangu wote pale kazini ni wageni kama mimi. Neno moster sikulijua. Nimelijua kutoka kwenye ile karatasi iliyokujia wewe, siku uliponitumia picha. Nilipotafsiri, nilifika kwenye mama mdogo nikakwama. Mama nilikuwa nalijua. Mdogo nilikuwa nalijua. Nikiyaweka pamoja yanakuwa kama kimama kifupi, nikaona watacheka. Nikaondoa mdogo. Nilijiambia, kwani si ni mama yake? Kwetu ni mama yake. Na nakiri kulikuwa na fikra nyingine ndogo nyuma, kwamba mama ni neno zito zaidi, litasaidia.

Ile barua ya tarehe mosi Juni ilinifikia. Niliifungua nikaona jina langu, nikaona neno linalomaanisha uongo. Wakati huo karatasi zangu za kukaa zilikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji, naomba kuongezewa miaka miwili. Nikaogopa kwamba nikienda pale na kusema nimekosea, wataandika jina langu mahali, na mahali pale patazungumza na pale pengine. Nikasema nitakwenda kesho. Nikaiweka kwenye koti la baridi lililotundikwa mlangoni, na ilikuwa kiangazi, koti halivaliwi. Ilikaa humo siku arobaini. Nilipoitoa, wiki tatu zilikuwa zimekwisha.

Ningekwenda siku ile ile, ilikuwa maelezo ya dakika kumi.

Nimekwenda sasa. Nimefuatana na mtu anayejua lugha vizuri. Ofisa tuliyemkuta hakunifokea. Alisikiliza, akasema anaelewa, akasema hata yeye ana moster aliyemlea likizo zote. Halafu akasema mtoto ana miaka mitano, amekaa na wale watu tangu ana miwili, na hao wamepewa ulezi kwa sheria tangu Juni. Muda wa kukata rufaa ulikwisha Februari, kabla bahasha haijafika posta ya Tabora. Nikamuuliza kama kuna mlango mwingine. Akasema hapana.

Karatasi zangu za kukaa niliongezewa.

Nasri

* * *

Isevya, Tabora
4 Novemba 2023

Nasri,

Mama anapumua, Shaban amerina asali madebe mawili, joto la mwezi huu limetukausha. Hizo ndizo habari.

Barua yako niliisoma dukani ninaposhonea, nikafunga duka. Nimekaa na Shaban nikamweleza. Alisema, "Mtoto wa watu aliogopa." Mimi nikamwambia na sisi tulikuwa na mtoto. 

Sitakuandikia niliyokuwa nimeyaandika kwanza. Nimeyachana.

Mama sijamwambia. Kila asubuhi anauliza, nami nasema wanaandaa karatasi. Amenituma nimshonee Najiat magauni mawili, nimeshona, kwa kukadiria, maana sijui amefika wapi kwa urefu.

Nina ombi moja na usilitie kwenye koti. Nenda uwaombe hao walezi wamruhusu mtoto azungumze na bibi yake kwa simu ya picha, mara moja tu, wakati Mama bado anaona kwa jicho moja. Na uniandikie bibi mzaa mama anaitwaje kwao, ili Mama ajue kujitaja.

Mwanajuma

* * *

Uswidi
3 Januari 2024

Dada Mwanajuma, shikamoo.

Heri ya mwaka mpya. Hapa theluji imefika magotini.

Nimekwenda kwao. Ni mwendo wa saa mbili kwa treni. Nyumba ya mbao, ina mbwa. Mama anayemlea alinikaribisha, akanipa kahawa, alikuwa ameweka picha ya Hafsa kwenye kabati, kwenye fremu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na picha ile ikaniharibia.

Najiat ni mrefu. Ana paji la uso la marehemu na ile namna yake ya kusimama mguu mmoja ukipumzika. Nilimwambia, "Najiat, hujambo?" Akamtazama yule mama kuuliza nimesema nini. Nikarudia polepole. Kiswahili hakuna, dada. Hata nambari, hata maji. Hafsa alikuwa akimwimbia kwa Kiswahili, mimi mwenyewe nilisikia. Nilimweleza kwa Kiswidi kwamba mimi ni ndugu wa mama yake. Akasema, "Mama yangu hana ndugu," akimwonyesha yule mama aliyekaa. Yule mama akaona haya, akamwambia kitu taratibu, nami nikasema haidhuru.

Simu wamekubali. Jumamosi tarehe 17 Februari, kwenu saa tisa alasiri. Nitakuwa kazini, watapiga wenyewe, nimewapa namba yako.

Bibi mzaa mama ni mormor. Mama wa mama, neno lile lile mara mbili, ni rahisi. Atamke r kama tunavyotamka sisi, wanaikunja kidogo tu.

Nasri

* * *

Isevya, Tabora
2 Machi 2024

Nasri,

Mama hajambo. Amekuwa hajambo wiki mbili mfululizo, daktari wa Kitete ameshangaa. Nitakueleza sababu, na wewe utanieleza kilichobaki.

Tangu barua yako ifike alikuwa anajifunza lile neno. Akiosha uso, mormor. Akinywa uji, mormor. Akaniuliza, "Nalitamka kama mtu wa huko?" Siku yenyewe alivaa kanga mpya, akaweka kiti kwenye mwanga wa mlango ili aonekane, akataka na magauni yawe karibu ayaonyeshe.

Walipiga saa tisa kamili. Yule mama akatupungia mkono. Halafu Najiat akaletwa mbele. Nasri, ungemwona. Ni Hafsa mdogo, amevaa sweta. Mama akajipiga kifuani, akasema, "Mormor." Akarudia, "Mormor, Najiat. Mormor." Alilitamka vizuri.

Mtoto akamgeukia yule mama akauliza kitu. Yule mama akajibu, na katika jibu lake nikasikia mormor. Najiat akatikisa kichwa, akasema maneno, na humo ndani nikasikia tena mormor, safi kabisa. Yule mama akashtuka, akacheka kicheko kile cha mtu asiye na raha, akampapasa nywele. Mtoto akaonyesha nyuma yake kwa kidole, akakimbia. Mama akainua magauni, lakini kwenye simu palikuwa na kiti kitupu. Tukaagana na yule mama kwa kupungiana mikono.

Mama amefurahi, sijui nikuelezeje. "Amenitaja," anasema. "Mmemsikia? Ameniita mwenyewe." Amewasimulia majirani wote. Akaniuliza alichosema ni nini, nikamwambia amesema bibi, shikamoo. Mama akaitikia pale pale, "Marahaba mjukuu wangu," simu ikiwa imeshazimwa.

Nimeyaandika kwa masikio yangu, siku ile ile, nisisahau. Alisema: nei, mormor e i sheket. Niambie ni nini. Usinieleze ngeli. Niambie tu.

Mwanajuma

* * *

Uswidi
7 Aprili 2024

Dada Mwanajuma, shikamoo.

Nimefurahi Mama Mkubwa amepata nafuu. Hapa theluji imeyeyuka, barabara ni tope.

Barua yako imekaa kwangu siku tatu. Hii sikutaka ifike siku ya nne.

Nilitumaini umesikia vibaya. Niliyasoma kwa sauti, nikamsomea na mwenzangu mmoja kazini, akayaelewa mara moja. Hukusikia vibaya.

Yule mama anayemlea ana mama yake mzazi, mzee, wanaishi nyumba moja. Siku niliyokwenda alikuwa anapika, alinipa mkate.

Najiat alisema: "Hapana, bibi yuko jikoni."

Nasri